Mwanangu, hukuwa unajisingizia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mawili: kama ile damu iliyokusumbua baada ya chanjo ya korona mwaka 2021 ilitokana na sindano, na kama ndiyo sababu hadi leo hujashika mimba. La kwanza, naamini ndiyo. La pili, hapana.

Sijasahau ulivyonieleza: siku zako zilichelewa, kisha zikaja kwa fujo, ukawa unavaa pedi za usiku mchana kweupe na kukunja kanga kwenye kiti cha ofisini. Daktari akakwambia ni mawazo tu. Neno hilo linaniuma mpaka sasa. Hapo hapo Illinois unakoishi, mtafiti Kate Clancy alipochanjwa aliona hedhi yake imebadilika, akasema hadharani, na wanawake wengi wakajitokeza kusema hata wao. Aprili 2021 yeye na mwenzake Katharine Lee wakaanza kukusanya maelezo yao. Ripoti ya mwaka 2022 ilitokana na majibu ya watu zaidi ya 39,000, na kati ya wale wenye hedhi za kawaida, asilimia 42 walisema damu ilizidi. Usiichukue hesabu hiyo kuwa ya wanawake wote, maana aliyeona mabadiliko ndiye mwepesi wa kujibu. Lakini Oktoba mwaka huo huo wakaguzi wa dawa wa Ulaya nao walipendekeza hedhi nzito iandikwe kwenye maelezo ya chanjo za Pfizer na Moderna.

Mimi nimefanya kazi kliniki ya wajawazito, mama. Mwanamke akiingia tu, tunamuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na kadi ina mahali pake pa kuiandika. Iweje majaribio ya chanjo yenye maelfu kwa maelfu ya wanawake yasifuatilie hedhi zao? Mtu asipojibiwa na wataalamu atamuuliza jirani, na huku kwetu jirani alikuwa na jibu tayari: sindano inafunga kizazi.

Haifungi. Alison Edelman wa Oregon na wenzake walichukua kumbukumbu za hedhi za wanawake karibu 4,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, zilizowekwa kwenye programu ya simu mwezi hadi mwezi. Kwa wastani mzunguko ulirefuka kwa muda usiofika siku moja. Waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja ulirefuka kama siku mbili, kisha ukarudi ulivyokuwa. Kinga ya mwili ikiamshwa kwa nguvu, huenda homoni zikayumba kidogo na yai likachelewa. Hata ukuta wa mji wa mimba una chembe zake za kinga, nazo zina kazi katika kumwaga damu.

Watafiti wa Boston nao walifuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliochanjwa na wasiochanjwa walishika mimba sawa. Kilichopunguza uwezekano, tena kwa muda mfupi, ni mwanamume kuugua korona yenyewe.

Kwa hiyo acha kuilaumu sindano ya 2021, mwanangu, maana lawama hiyo inakuchelewesha. Mwaka na nusu mkitafuta ni muda wa kutosha kumwona daktari wa wanawake, na mwende wote wawili. Mkwe wangu naye apime mbegu. Asikuachie mzigo huu peke yako, mwambie nimesema mimi. Na kama bado unalowanisha pedi kila saa au unatoa mabonge makubwa, omba upigwe utrasaundi waangalie uvimbe kwenye kizazi, wapime tezi ya shingo na wingi wa damu. Daktari akisema tena ni mawazo, tafuta mwingine.

Andika tarehe za hedhi zako za miezi sita iliyopita uende nazo. Majibu ya damu yakitoka nipigie, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mama yako