Mmoja akila fedha za kikundi, wanaolipa ni wengi

Desemba ndio mwezi wa kuvunja vikundi vya kuweka na kukopa, yaani kugawana akiba ya mwaka. Mtu kanunua hisa mwaka mzima, kajinyima hata kitenge cha sikukuu, ili Januari imkute na kitu mkononi. Mweka hazina akizila fedha hizo, amekula Januari za watu.

Kikundi chetu huku Mbagala kimepitia hayo. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu kama desturi ya VICOBA, ndivyo vikundi hivi vinavyoitwa, na wenye funguo walikuwa watatu. Lakini wawili walishamwachia mweka hazina funguo zao ili wasisumbuane kila wiki. Siku ya mgao tulikuta vitabu, muhuri wa hisa na kidau cha wino. Fedha hakuna.

Wengi hudhani hasara hiyo inaishia kwa wanachama. Mwenzetu mmoja, mama ntilie, alitegemea mgao ule kwa godoro, tranka na sare za mwanawe aliyechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Alipoukosa akaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Wao wanataka rejesho kila siku, na mama ntilie ana siku za mvua ambazo wali unarudi nyumbani ulivyotoka. Wakaja wakabeba jiko la gesi na masufuria. Binti aliyekuwa akimsaidia kuosha vyombo akakosa kibarua, na kwenye ujira huo ndiko alikokuwa akitoa hela ya dawa za presha za bibi yake Lindi. Bibi yule hajawahi hata kusikia jina la kikundi chetu.

Na wako watoto wa mweka hazina mwenyewe. Mtaani waliitwa watoto wa mwizi, mmoja akagoma kabisa kwenda shule. Hawakuiba kitu. Jambo hili bado linaniuma, maana waliowatukana ni watu wazima, wengine wanachama wenzangu.

Yakiwakuta, semeni siku hiyo hiyo. Viongozi wetu walitaka tunyamaze kwanza tusiharibu jina la kikundi. Wakati huo wote watu waliendelea kuchukua vitu dukani kwa ahadi ya fedha ambayo haipo, na mwenye duka naye akaingia kwenye hasara bila kujua.

La pili lina ubishi, ila nalisimamia. Kinachopatikana mwanzoni kisigawanywe kwa hisa. Ulizaneni kwanza nani anadaiwa kausha damu, nani ana mtoto aliyerudishwa nyumbani, nani ana mgonjwa. Kwetu ziliuzwa bodaboda ya mweka hazina na vyombo vyake, tukaanza na wenye mikopo ya kila siku. Wenye hisa nyingi walinung'unika, na haki yao ikaandikwa kitabuni ikisubiri marejesho yaliyofuata. Lakini deni la kausha damu likizimwa mapema, jiko linabaki, na binti wa vyombo anabaki na kazi yake.

Usajili nao msiudharau. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii daraja la nne, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Sisi tulikuwa na cheti na katiba yenye saini za wote, kwa hiyo polisi na ofisi ya kata hatukwenda na maneno matupu. Kikundi jirani kisicho na karatasi kiliishia kugombana chenyewe kwa chenyewe.

Kama sanduku lenu linajaa, fungueni akaunti ya kikundi, benki au kwenye simu, ambayo fedha haitoki bila zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha. Na wewe uliyemwachia mwenzako ufunguo wako, kaufuate leo. Mweka hazina mwaminifu hatakasirika. Utakuwa umempunguzia mzigo.