Bamia za friza zinazotoka tepetepe

Dada yangu wa Malindi, umeuliza mbona bamia na koliflawa zako za friza, zile zilizovikwa chenga za mkate, zatoka tepetepe kwenye kikaangio cha hewa.

Uliposema waziyeyusha kwanza, nikajua. Usiziyeyushe kabisa! Barafu ikigeuka maji, chenga huyanywa, na zikishalowa hazikauki tena vizuri. Nami nilihangaika hivyo hivyo, hadi siku moja nikaminya pakiti ndani ya tuktuki, nikakuta zimeshalainika na joto letu hili kabla sijafika nyumbani. Siku hizi natoka na kikapu cha barafu, na friza ya dukani naiendea mwisho.

Washa chombo kitupu dakika 3, nyuzi 200. Zipake mafuta kidogo kwa brashi, uzipange safu moja zisilaliane. Hewa isipopita, zitaiva kwa mvuke. Dakika ya 6 zigeuze, kuanzia ya 10 chungulia. Gonga moja kwa uma: ikilia ka-ka, toa. Tafadhali usizifunike kwa sahani, zitalegea tena. Chatne ya ukwaju weka kando, kila mtu achovye mwenyewe.