Kuhusu mama yako na kujifukiza
Dada, umeuliza umjibu vipi mama anayesema chanjo ya korona haina haja, kwa kuwa hata madaktari wa hapa Nairobi waliipinga na kujifukiza kunatosha.

Ni kweli, walikuwepo. Machi 2021, shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca ilipotua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, chama cha madaktari Wakatoliki kiliwaambia watu wasichanjwe. Mwenyekiti wake, Dkt. Stephen Karanja, alipendekeza mvuke na haidroksiklorokwini, dawa ya malaria. Maaskofu wa kanisa hilohilo waliiunga mkono chanjo. Mwisho wa Aprili Dkt. Karanja akafariki kwa korona. Simtaji kwa kumsimanga, kifo chake kinaniuma hadi leo.

Ila haidroksiklorokwini ilikuwa imeshapimwa: Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba wagonjwa wa korona zaidi ya 1,500 walipewa dawa hiyo hospitalini na vifo havikupungua. Mvuke nao unazibua pua tu, na sufuria ya maji moto chini ya blanketi imeunguza wengi.

Usibishane naye juu ya mwarobaini. Mwache anywe tangawizi yake, kisha mwende pamoja kituo cha afya, amuulize muuguzi maswali yote mwenyewe.