Mtoto niliyemlea ananipigia simu kwa siri, nifanye nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Zamani nilikuwa dada wa kazi kwa familia moja yenye uwezo mkubwa huko Masaki, Dar es Salaam, nikamlea mtoto wao wa kiume tangu anatambaa hadi alipoanza darasa la kwanza, ndipo nikaachishwa kazi bila hata kumuaga. Sasa yuko darasa la sita, na namba yangu ameipata kwa mlinzi wa getini, ambaye humwazima simu usiku. Wazazi wako safarini karibu muda wote. Kikao cha wazazi shuleni anakwenda dereva, na alipougua malaria aliyempeleka hospitali ni huyo mlinzi. Ananiomba nisikate simu mpaka apitiwe na usingizi, tena nisimwambie mama yake. Je, niendelee hivi, au nimchukue nikae naye?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimchukue. Kumwondoa mtoto kwao bila ridhaa ya wazazi ni jinai, na kesi ikifunguliwa mtaumia wewe, mlinzi na mtoto mwenyewe.

Lakini pia usimkatie mawasiliano, kwa maana alikwisha kukupoteza mara moja bila kuelezwa sababu, na hilo si jambo dogo kama wakubwa wengi wanavyodhani. Daktari wa akili John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907 katika familia yenye uwezo, alilelewa na yaya aliyeondoka yeye akiwa na umri wa karibu miaka minne, na ukubwani alisema kwamba msiba huo ulikaribia ule wa kufiwa na mama.

Kinachonitia hofu ni hiyo siri. Mtoto akizoea kwamba mtu mzima anayempenda huzungumza naye kwa kificho, siku mwenye nia mbaya atakapomwambia asimwambie mama yake, hataona ajabu. Kwa hiyo mweleze kwanza yeye, kwa upole, kwamba utazungumza na mama yake ili msilazimike kujificha. Kisha mpigie mama, umwamkie, na umwambie mtoto amekutafuta na hukupenda kuzungumza naye bila yeye kujua. Omba siku moja ya juma ya kumpigia. Usimlaumu, na kama kuna mshahara unaodai, usiuguse siku hiyo. Ukikubaliwa, shika siku hiyo bila kukosa, wala usimwahidi mtoto kwamba utakwenda kumwona kabla hujawa na nauli mkononi.

Mama akikataa, au akikubali na mtoto akaendelea kuachwa vilevile, suala linavuka uhusiano wenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amkinge mtoto asitelekezwe, ampe uangalizi na mwongozo, na anapokuwa hayupo kwa muda amwache kwa mtu anayestahili kumtunza. Haisemi kwamba nyumba yenye geti na friji iliyojaa imesamehewa. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ueleze yale uliyoambiwa na mtoto kama alivyoyasema, bila kuongeza chumvi: dereva kikaoni, mlinzi hospitalini, na ni nani hasa anayelala naye ndani ya nyumba hiyo usiku.