Muulize Mama Sabuni: kostiki, mwarobaini na oda za lodge

Wapendwa, barua za mwezi huu karibu zote zimetoka hukuhuku kwetu Moshi na Arusha, naona masika imewafungia watu ndani wameamua kupika sabuni. Zile zinazouliza kitu kimoja nimeziunganisha, msinune.

Shikamoo mama. Mi nipo Kiborloni, nataka kuanza sabuni ya kuogea ya mwarobaini na parachichi ila sitaki kabisa kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, maana nimeona inavyobabua mikono, na wateja wangu wanataka kitu cha asili tupu. Niweke nini badala yake? Na naomba vipimo tafadhali.

Marahaba mwanangu. Badala yake hamna. Mafuta peke yake ni mafuta tu, hayawi sabuni mpaka yakutane na alkali kali, wazee walichuja maji ya majivu, na kule Afrika Magharibi mpaka leo wanachoma maganda ya ndizi na ya kakao wanapata majivu yenye potashi nyingi ndo wanapikia ile sabuni yao nyeusi. Na majivu nayo yanababua vilevile, sema tu nguvu yake leo sio ya kesho, huwezi kuipima vizuri, ndo maana watu wakahamia kostiki. Ukiipima sawasawa inaisha yote, inageuka kuwa sabuni, kwenye kipande kilichokomaa haipo tena. Kwa hiyo anayekuuzia "sabuni ya kipande isiyo na kostiki" ama hajui alichonunua ama kanunua sabuni iliyokwisha pikwa na mtu mwingine akaiyeyusha akaweka rangi.

Vipimo, kwa kilo moja ya mafuta: mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) gramu 400, mawese 300, alizeti 200, parachichi 100. Kostiki gramu 145, maji gramu 290. Hapo nimeshapunguza kostiki asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi. Mise ndo inatoa povu na kusafisha, mawese yanafanya kipande kiwe kigumu, alizeti na parachichi ni ulaini. Ukibadilisha mafuta lazima ubadilishe na kostiki, kila mafuta yana kiwango chake, gramu 100 za mise zinakula kama 17.6 za kostiki wakati parachichi zinakula 13.3 tu, so usije ukasema mise imeadimika ngoja nijazie alizeti halafu kostiki uache ileile, utauza kitu kinachochoma watu.

Yote unapima kwa mizani ya kidijitali, hata maji, hamna cha kikombe wala kijiko. Najua wengi mmefundishwa kwenye semina kuloweka kostiki na kupima na haidromita, kile kipimo kinachoelea, mpaka isome 1250, ile ni njia ya sabuni ya mche na sio mbaya, ila kwa sabuni ya kuogea ya mafuta manne mi naamini mizani.

Sasa sikiliza vizuri. Kostiki ndo inaingia kwenye maji, kidogokidogo, unakoroga, sio maji kumwagiwa juu ya kostiki, itakurukia usoni. Itachemka yenyewe bila moto na itatoa moshi mkali, fanyia nje au dirishani, na glavu na miwani, watoto wawe mbali. Na tafadhali sana usitumie hizi sufuria zetu za kawaida, zile ni alumini, kostiki inazila na inatoa gesi inayowaka moto. Tumia steinlesi au ndoo nzito ya plastiki. Ikikurukia mwilini ni maji ya bomba mengi na kwa muda mrefu, usikimbilie siki.

Acha ipoe mpaka ukishika chombo kwa nje ni vuguvugu tu, mafuta nayo yawe vuguvugu, changanya, piga na blenda ya mkono mpaka iwe uji mzito, ukiinua kijiko matone yanaacha alama juu. Mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, funika na blanketi. Kesho yake au keshokutwa unakata, halafu unaanika kivulini penye hewa wiki 4 mpaka 6. Hizi wiki ndo zinawashinda watu wengi bana, mtu kakata Jumatatu Ijumaa kashapeleka sokoni Mbuyuni, sabuni inayeyuka bafuni siku tatu, mteja harudi.

Kuhusu mwarobaini, kausha majani mpaka yavunjike mkononi, kisha loweka kwenye yale mafuta ya alizeti wiki 2 au 3, chuja, tumia hayo mafuta. Usitwange majani mabichi ukamwagia humo, yatageuka kahawia na yanaweza kuoza ndani ya kipande. Ile kijani nzuri unayoiona kwenye picha mara nyingi ni rangi ya dukani, ya kwako itatoka rangi ya mchanga na hamna ubaya.

Mambo vipi mama, niko Sakina, napika sabuni ya maji lita 20 kwa slesi na sulfoniki (kemikali za povu), sodaashi na chumvi, afu naweka majani ya mchaichai yaliyochemshwa. Nimeandika "asilia 100%" kwenye lebo. Juzi mteja wa lodge kaniuliza imetengenezwa na nini nikababaika. Nilikosea wapi?

Kwenye lebo. Sabuni yenyewe haina shida, inatoa povu, inasafisha vyombo, na nusu ya mji inaoshea hiyohiyo. Ila sulfoniki inatokana na petroli, slesi hata kama imeanzia kwenye mise au nazi imepitia kiwandani na kuongezewa vitu vya petroli, sasa mchaichai wa kuchemsha hauwezi kuibadilisha dini. Andika "sabuni ya maji yenye mchaichai" na uorodheshe vilivyomo, utalala usingizi. Halafu hayo maji ya majani ndo yanaharibu mzigo, ndo maana wengine wanaleta malalamiko sabuni imeanza kunuka au kopo limevimba, ni majani yanachacha humo ndani. Harufu ya mchaichai itoke kwenye mafuta yake yaliyokenekwa, matone tu yanatosha.

Ukitaka ya maji ya mimea kweli inabidi uachane na kostiki ya kipande uende kwenye potasi, ile hidroksaidi ya potasiamu, ambayo inatoa sabuni laini badala ya ngumu. Alizeti gramu 600, mise 400, potasi ya asilimia 90 gramu 229, maji gramu 690. Tahadhari ni zilezile. Unapiga mpaka ishikane, kisha unapika juu ya sufuria yenye maji ya moto, moto mdogo, masaa kadhaa, unakoroga kila ukipita, mpaka iwe rojo la kunata linalopitisha mwanga. Chukua kidogo yeyusha kwenye maji ya moto, ikitoka angavu imeiva, ikiwa na ukungu endelea. Hilo rojo unaliyeyusha kwa maji ya uzito wake au zaidi.

Nikwambie mapema, itakuwa nyepesi, haitakuwa nzito ile ya kuvutika, na povu lake ni dogo, na kwenye maji ya kisima yenye chumvichumvi itaacha utando mweupe. Mama wa kuosha vyombo hoteli ataona umemletea maji. Hii ni ya mteja anayejua anachotaka, mwenye mtoto mchanga, mwenye ngozi inayowasha na manukato, lodge zinazomwaga maji yao bustanini. Mi ningekuwa wewe ningebaki na zote mbili, chupa tofauti, lebo tofauti, bei tofauti.

Mama, mimi wa Njiro. Nilichanganya siki na magadi soda nikajaza kwenye chupa za kupulizia niuze kama dawa ya kusafishia sinki na vioo, chupa mbili zikapasuka kabatini na zilizobaki hazisafishi chochote. Kwa nini wakati kila mtu anasema hivi vitu ni kiboko?

Ni kiboko kila kimoja peke yake mama. Siki ni asidi, magadi ni alkali, ukiviweka pamoja vinamalizana, lile povu unaloona ni hewa ukaa inatoka, ukifunga kifuniko inatafuta njia. Ikiisha umebaki na maji yenye chumvichumvi, umeuza maji.

Magadi, yale ya Ziwa Natron tunayopikia makande, yasage yawe unga laini, uza kwenye kopo kavu, ni ya kusugulia sinki, choo, sufuria ya steinlesi iliyoungua, vigae vyenye mafuta ya jikoni. Alumini yanaifanya nyeusi, andika hivyo kwenye kopo. Siki ya asilimia 5 nayo tia maganda ya machungwa au ndimu wiki 2 gizani, chuja, weka maji nusu kwa nusu, hiyo inang'arisha vioo na mabomba na kutoa ule ugaga mweupe kwenye birika. Isiguse terazo wala marumaru, inatafuna mng'ao na haurudi. Na chini ya lebo kwa maandishi makubwa: ISICHANGANYWE NA JIKI. Siki ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu hivi ni vidogo havina dirisha, mtu anaweza kuzimia humo.

Usiandike "inaua vijidudu 99%" maana hujapima.

Sisi ni kikundi cha wanawake Rau, tunauza majirani na kanisani, duka moja la dawa Moshi mjini limetukatalia kwa sababu hatuna alama ya TBS, Shirika la Viwango. Tunaogopa gharama. Tuanzie wapi?

SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wapo Moshi na Arusha, mnawaeleza mnachofanya, wanawaelekeza na kuwapa barua ya utambulisho kwenda TBS, ambako wajasiriamali wadogo wana utaratibu wao na serikali inabeba gharama, sio sawa na kiwanda kikubwa. Wengine bado wanaulizia TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, hiyo ilishabadilika tangu 2019, vipodozi vikahamia TBS pamoja na chakula, na sabuni ya kuogea wanaiangalia huko. Watakuja kuona mnapopikia, kwa hiyo tengeni chumba hata kidogo, sio jiko lilelile la kupikia mtori. Jina la biashara mnasajili BRELA.

Mtaji, ulizeni halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Na kitu kimoja kwenye sampuli mliyonitumia, mmeandika "inatibu fangasi, chunusi na mba". Futeni. Ukisema inatibu umeshaingia kwenye dawa, hiyo ni TMDA, mamlaka ya dawa, na hamtaiweza. Mmeandika pia gramu 100 wakati kipande nimekiweka kwenye mizani kimesoma 87, najua kilikuwa 100 siku mlipokata, maji yamekauka, ila Wakala wa Vipimo hawatasikiliza hiyo hadithi. Pimeni baada ya kukomaa ndo muandike.

Sabuni zangu zimetoka madoa ya rangi ya chungwa na zinanuka mafuta ya zamani. Ni mbovu? (Ngaramtoni)

Mafuta yamechacha. Alizeti nyingi, au ulinunua mafuta yaliyokaa juani kwenye vidumu barabarani. Usiuze, fulia matambara. Mafungu yajayo alizeti isizidi robo, na sabuni usizifunge kwenye nailoni zikiwa bado zinapumua, karatasi ya kaki inatosha na inapendeza zaidi.

Mama habari za kazi, mi wa Tengeru. Meneja wa lodge moja huku Usa River anataka vipande 400 vidogo vya gramu 25, vyenye kahawa na harufu ya karafuu, vifike mwanzoni mwa Julai wageni wakianza kujaa. Leo ni katikati ya Mei. Niikubali oda au nitaaibika?

Ikubali leo, uanze wiki hii. Vipande 400 vya gramu 25 ni kilo 10 za sabuni kavu. Kilo moja ya mafuta kwa vipimo vile vya juu inatoa kama kilo 1.4 mbichi, ikikauka inabaki 1.25 hivi, kwa hiyo ni kilo 8 za mafuta, wewe pika 9 maana mabaki ya kukata na vipande vya pembeni vipo. Kostiki hapo ni gramu 1,305. Usipike zote siku moja, gawa mara tatu, fungu likiharibika usipoteze lote.

Shida yako ni unyevu. Mei huku chini ya Meru hewa ni nzito, sabuni inakauka polepole, panga vipande kwenye chekecheke au raki ya mbao visigusane na uvigeuze kila baada ya siku chache. Vidogo vinakauka haraka kuliko vikubwa, ukimaliza kupika kabla ya Mei haijaisha utawahi. Kahawa tumia iliyosagwa laini sana, chembe kubwa zinakwaruza. Karafuu nenda nayo taratibu, gramu 5 za mafuta yake kwa kilo ya mafuta zinatosha kabisa, inagandisha mchanganyiko ghafla ukiwa bado unakoroga, kwa hiyo iweke mwisho kabisa na boksi liwe tayari pembeni.

Bei, hesabu mafuta, kostiki, karatasi, nauli ya haisi mpaka Usa River, na siku zako za kazi, usizisahau siku zako. Chukua nusu ya hela kabla hujawasha jiko, lodge nyingine zinalipa baada ya miezi. Na muulize leoleo kama wanataka nembo yao juu ya kipande, mhuri unapigwa sabuni ikiwa na siku moja au mbili, ukisubiri ikauke inapasuka.