Muulize Nahodha: Tufuate kupatwa kwa jua kwa jahazi?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Tumesikia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote na giza litapita hadi pembe ya Somalia. Mjomba wangu ana jahazi la kutembeza watalii hapa Lamu. Tukiondoka na upepo wa kusi mwishoni mwa Julai, tutafika? Kama haifai, twende wapi? Mke wangu anataka kuliona akiwa chomboni, si kusimama jangwani, ila mawimbi hayawezi. Na swala ya kupatwa kwa jua tutaiswalije humo? – Msomaji, Shela, Lamu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kufika mtafika, tena upesi kuliko mnavyotaka. Mwezi wa saba kusi imekomaa, na mkondo wa pwani ya Somalia nao unakimbilia kaskazini, kwa hiyo upepo na maji vitawasukuma pamoja. Je, mtarudi na nini? Wazee wetu walikuwa na sababu ya kufunga bahari katikati ya kusi. Majahazi ya kwenda Arabuni yaliwahi kuondoka kusi ikianza, au yakangoja demani, msimu wa mwisho wa kusi, upepo ulegee, na kurudi kulikuwa kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Nyinyi mtaangalia jua dakika chache, kisha mkae ugenini miezi mkingoja upepo ugeuke. Jahazi la kupeleka watu Manda Toto kuogelea halikuundwa kwa bahari ile. Na sijawataja maharamia bado. Mbele yake, Bab el-Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, meli zilipigwa makombora kuanzia mwishoni mwa 2023. Mjomba asithubutu.

Badala yake afanye biashara nyumbani. Lamu mtaona kipande cha jua kikiliwa mchana wa siku hiyo, na wageni watalipa kuliona wakiwa majini. Atie nanga ndani ya mlango wa bahari, palipotulia, na ashushe tanga. Abiria wavae miwani mwanzo hadi mwisho, maana kwetu hakuna dakika ya kuivua.

Sasa mkeo. Mpeleke mto Nile, Misri. Kivuli cha mwezi kitapita mji wa Luxor karibu saa saba mchana kwa saa ya Afrika Mashariki, na maeneo hayo ndiyo yatakayopata giza refu kuliko kwingine kote, dakika 6 na sekunde 23 pale linapofikia kilele. Agosti kule mawingu ni adimu. Joto ndilo la kuogopa, nyuzi 40 na zaidi. Tafuteni dahabia. Ni chombo cha mto chenye matanga mawili ya pembetatu, foromali (miti ya kubebea matanga) ndefu zinazofanana na za kwetu, na vyumba vichache vya kulala. Safari zake nyingi ni kati ya miji ya Esna na Aswan, kusini ya Luxor. Mwambieni nahodha kabla ya kulipa kwamba Jumatatu hiyo mchana chombo kiwe upande wa Esna, kwa sababu kila mnavyosogea kuelekea Aswan dakika za giza zinapungua. Kuna mawakala watakaouza safari ya wiki ile kwa jina la kupatwa kwa jua huku ratiba yao ni ileile ya kila wiki. Waulizeni saa saba ya siku hiyo chombo kitakuwa wapi. Asiyejua, mwacheni.

Wengine watawashauri Bahari ya Shamu, boti za wapiga mbizi kutoka Marsa Alam, pwani ya Misri. Sizikatai, lakini upepo wa kaskazini-magharibi huko huinua mawimbi mafupi yanayogonga, na umeshasema hali ya mkeo.

Faida ya chombo kidogo baharini ni moja kubwa: wingu likija, unang'oa nanga unalikimbia. Machi 2006 nilikuwa baharia kwenye gulet, boti ya mbao ya milingoti miwili, nje ya Antalya, Uturuki. Asubuhi nahodha alitusogeza mara mbili kwa ajili ya utando wa mawingu. Abiria mmoja alikuja na darubini ya miguu mitatu, ghali, na ikabaki kuchezacheza sitahani kwa msukosuko mdogo tu. Aliyeona vizuri ni mwenye darubini ya mkono aliyejilaza. Jua lilipobaki ukucha, wote walikimbilia upande mmoja na boti ikalala. Sarahangi, mkuu wa mabaharia, aliwafokea kwa Kituruki na kila mtu akaelewa. Mpishi alishika chujio la jikoni juu ya sitaha, na kila tundu likatupa jua dogo lenye umbo la hilali kwenye mbao. Zuhura ilionekana mchana kweupe kabla giza halijatimia.

Kwa Luxor kuna jambo la ziada. Jua litakuwa karibu utosini, kwa hiyo kusimama ni kuumiza shingo. Tandikeni mikeka. Sitaha za dahabia nyingi zina turubai la kivuli: ulizeni kama litakunjwa, na likunjwe robo saa tu kabla ya giza, la sivyo mtaungua bure. Tanga nalo liwe limeshafungwa.

Swala, hukumu zake muulizeni sheikh wenu. Mimi najua sitaha. Muda upo, kwani jua litaanza kuliwa zaidi ya saa nzima kabla ya giza kamili. Ombeni chombo kifungwe ukingoni omo na tezi, yaani mbele na nyuma; kikiwa kwenye nanga moja kinazunguka na kibla kinawapotea. Makka nayo imo ndani ya njia ya kivuli siku hiyo.

Miwani inunuliwe mapema, yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, na kila mtu awe na yake. Ivuliwe pale tu jua lilipozimika lote, na irudishwe machoni mara cheche ya kwanza inapochomoza. Darubini na kamera zinahitaji kichujio chao mbele ya kioo. Miwani ya karatasi nyuma ya darubini hutobolewa na joto, na jicho lipo nyuma yake.