Shusha Kazi Nzito Badala ya Kupandisha Kazi Muhimu

Katika ofisi za uwakala wa forodha ninazozitunzia seva za Linux hapa Mombasa, malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi ni kwamba programu ya hati za mizigo imekuwa nzito asubuhi, na karibu kila mara chanzo huwa ni kazi ya kubana nakala rudufu iliyopaswa kuisha usiku. Wengi hukimbilia kuipandisha kipaumbele programu ya hati. Mimi nashauri kinyume chake: ishushe ile kazi ya nakala rudufu, ambayo hakuna mteja anayeisubiri pale kaunta.

Kabla ya kubadilisha chochote, jifunze kusoma namba za kipaumbele. Mchakato wa kawaida, yaani programu inayokimbia, huanza na nice 0 (nice ni namba ya kipaumbele cha kutumia prosesa), katika kipimo kinachotoka -20 hadi 19, na namba ikiwa ndogo kipaumbele huwa kikubwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba mchakato huohuo, ukitazamwa kwa amri za kuorodhesha michakato, huonyeshwa na top kuwa na kipaumbele 20, na ps -l kuwa na 80, na ps -eo pri kuwa na 19. Tena katika hiyo ya mwisho namba kubwa ndiyo yenye nguvu! Kwa michakato ya kawaida, basi, ziache safu hizo na uitegemee safu ya NI, yaani nice, kwa amri hii: ps -eo pid,ni,comm.

Ukishaipata namba ya mchakato kwenye safu ya PID, andika renice -n 10 -p ukifuatisha namba hiyo. Kernel, sehemu ya msingi ya Linux, huupa mchakato wa nice 0 uzito wa 1024 na ule wa nice 10 uzito wa 110, hivyo wawili hao wakigombea kiini kimoja cha prosesa, wa kwanza hupata takriban asilimia 90 ya muda. Pasipo ushindani, ule ulioshushwa hukimbia kwa kasi yake yote, na ndiyo sababu sioni hasara ya kuiandika nice -n 10 mbele ya amri ya nakala rudufu moja kwa moja kwenye ratiba ya usiku. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida mtumiaji asiye root (msimamizi mkuu) anaweza kuushusha mchakato wake lakini hawezi kuurudisha juu.

Nakala rudufu aghalabu huielemea diski kuliko prosesa, na hapo nice pekee haitoshi. Ongeza ionice -c 3, inayoiweka kazi mwisho wa foleni ya diski, ukihakikisha kwamba kipangaji cha diski (sehemu ya kernel inayopanga zamu za kusoma na kuandika) kinaiheshimu, kama BFQ inavyofanya.

Ikiwa umeshusha na huoni tofauti, soma faili ya /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled. Ikiwa na 1, huenda nice inalinganisha michakato ya kipindi kimoja cha kuingia tu, na kazi iliyoanzishwa kwenye terminali nyingine haiguswi. Katika hali hiyo, thamani ya nice huandikwa kwenye faili ya autogroup iliyo ndani ya folda ya mchakato wenyewe chini ya /proc, nayo hulishusha kundi zima la michakato ya kipindi hicho.